Mawimbi na Mwanga: Mwongozo Kamili wa Kuyapima Mwenyewe

Ukitaka kuuelewa mwanga, usianze na mwanga. Unakwenda kasi mno, na mawimbi yake ni mafupi kiasi kwamba ndani ya milimita moja yanaingia zaidi ya elfu moja. Anza na kamba, uhamie kwenye maji, kisha ndipo uwashe leza. Ukifuata njia hiyo, mambo ambayo vitabu huyaorodhesha kama sifa saba au nane zisizohusiana yatakuja kuonekana ni matokeo ya kanuni moja tu, nayo ni hii: chanzo ndicho kinachoamua frikwensi, kipitishio ndicho kinachoamua kasi, na urefu wa wimbi unafuata.

Kipitishio ni kile ambacho wimbi linapita ndani yake: kamba, maji, hewa, kioo. Frikwensi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi. Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Kimo cha wimbi hupimwa kutoka usawa wa utulivu hadi kwenye kilele, si kutoka bondeni hadi kileleni, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Kasi, frikwensi na urefu wa wimbi vinafungwa na hesabu moja:

kasi = frikwensi × urefu wa wimbi

Kimo hakimo katika hesabu hiyo. Kinahusu nishati: sauti kubwa na sauti ndogo, mwanga mkali na mwanga hafifu. Ukikifanya kimo kiwe mara mbili, nishati inayobebwa inakuwa mara nne, lakini kasi inabaki ileile.

Vifaa, na neno kuhusu leza

Tafuta kamba nzito kidogo ya mita nne au tano, trei yenye kitako bapa, rula, kipimapembe, saa ya kuhesabu sekunde, kioo cha kujitazamia, bapa la kioo kizito la mstatili (au chombo chembamba cha plastiki angavu chenye pande zilizonyooka, ukijaze maji), pini nne, karatasi, diski moja ya CD, na leza ndogo nyekundu ya mkononi. Kikokotoo kiwe na vitufe vya sin na tan, na hakikisha kimewekwa kwenye digrii.

Leza iwe ya daraja la 2, yaani isiyozidi miliwati 1. Usiielekeze kwenye jicho la mtu wala la mnyama, na usisahau kwamba mwale unaorudi kutoka kwenye kioo au CD ni leza vilevile. Panga meza ili miale yote ipite chini ya usawa wa macho, na macho yako yabaki juu ya miale hiyo. Leza za kijani za bei rahisi naziogopa kidogo, kwa sababu baadhi yake hutoa pia miale ya infraredi ambayo jicho haliioni na hivyo haliikwepi. Nyekundu inatosha kwa kazi yote iliyo hapa.

Hatua ya 1: Kamba

Funga ncha moja ya kamba kwenye nguzo au kitasa, shika ncha nyingine, ivute ikaze kiasi. Fungia kitambaa chekundu katikati. Tikisa mkono mara moja, juu na chini. Nundu itakimbia hadi kwenye fundo, igonge, na irudi ikiwa imepinduka: iliyokwenda juu inarudi chini. Sasa angalia kitambaa. Kilipanda, kikashuka, kikabaki palepale. Kilichosafiri ni nishati na umbo la mtikisiko. Kamba yenyewe haikwenda popote.

Baada ya hapo, tikisa mfululizo ukiongeza kasi ya mkono taratibu. Kuna mahali ambapo kamba itakubali ghafla na kufanya tumbo moja kubwa linalopanda na kushuka. Hilo ni wimbi simamishi, yaani mawimbi mawili, linalokwenda na linalorudi, yakipishana ndani ya kamba moja. Tumbo moja ni nusu ya urefu wa wimbi. Kwa hiyo ikiwa kutoka mkononi hadi kwenye fundo ni mita 4, urefu wa wimbi ni mita 8.

Hesabu mitikisiko kumi na upime muda. Tuseme umepata sekunde 10. Frikwensi ni hezi 1, kasi ni 1 × 8 = mita 8 kwa sekunde. Bila kulegeza wala kukaza kamba, ongeza mwendo wa mkono hadi yatokee matumbo mawili. Urefu wa wimbi sasa ni mita 4, na utagundua kwamba mitikisiko kumi imekuchukua kama sekunde 5. Frikwensi hezi 2, mara mita 4: nane tena. Matumbo matatu yatakudai hezi 3, na kasi itabaki mita 8 kwa sekunde.

Hapo usipite haraka. Mkono wako umebadilisha frikwensi mara tatu, lakini haukuweza kugusa kasi, kwa sababu kasi ni mali ya kamba: ilivyokazwa na uzito wake kwa kila mita. Ukitaka kuibadilisha, kaza kamba. Nguvu ya mvuto ikiwa mara nne, kasi inakuwa mara mbili. Usishangae vipimo vyako vikipishana kwa asilimia kumi hivi. Mkono wa mtu si mashine, na kamba ndefu hulegea katikati.

Hatua ya 2: Trei ya maji

Weka trei mezani, mimina maji hadi kina cha sentimita 1. Inua upande mmoja kwa unene wa kidole kisha uushushe taratibu. Nundu moja pana itavuka, itagonga ukingo, itarudi. Pima muda wa kuvuka mara nne. Kwa trei ya sentimita 40, safari nne ni sentimita 160, na muda utakuwa karibu sekunde 5.1, yaani sentimita 31 kwa sekunde. Ongeza maji yafike sentimita 2, rudia: karibu sekunde 3.6. Yafikishe sentimita 4: karibu sekunde 2.6, kasi sentimita 63 kwa sekunde. Kina kimekuwa mara nne, kasi mara mbili.

Kanuni ya mawimbi ambayo ni marefu kuliko kina cha maji ni kwamba kasi ni kipeuo cha pili cha (9.8 × kina kwa mita). Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala tsunami. Bahari yenye kina cha mita 4,000 inalipa wimbi hilo kasi ya takribani mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Likifika kwenye maji ya kina kifupi linapungua mwendo, sehemu ya nyuma inaikaribia ya mbele, na kimo kinapanda.

Kina kinapobadilisha kasi, kinabadilisha pia mwelekeo. Simama kwenye ufuo wowote wa bahari utazame: hata upepo ukivuma kutoka pembeni, mawimbi hufika yakiwa karibu sambamba na ufuo. Wimbi linapokuja kwa mshazari, upande mmoja wake unaanza kugusa maji ya kina kifupi na kupunguza mwendo, huku upande mwingine ukiendelea na kasi yake ya awali. Mstari wote unageuka. Shika picha hiyo, kwa sababu kioo kinaufanyia mwanga jambo hilohilo.

Jaribio la mwisho kwenye trei: simamisha vipande viwili vya mbao katikati ukiacha mwanya, kisha chovya ukingo wa rula upande mmoja, juu na chini, kutengeneza mawimbi yaliyonyooka. Mwanya ukiwa mpana, mawimbi hupita na kuendelea kunyooka, isipokuwa pembeni. Punguza mwanya uwe karibu sawa na urefu wa wimbi, na utaona upande wa pili mawimbi yanasambaa kwa nusu duara, kana kwamba mwanya wenyewe umekuwa chanzo kipya. Wazo hilo, kwamba kila nukta ya wimbi ni chanzo cha wimbi dogo, lilitolewa na Mholanzi Christiaan Huygens katika karne ya 17.

Linaeleza pia kwa nini unamsikia mtu aliye nyuma ya mlango ulio wazi ilhali humwoni. Sauti ya hezi 343 hewani, ambako kasi yake ni mita 343 kwa sekunde nyuzi 20 za Selsiasi, ina urefu wa wimbi wa mita 1, unaolingana na upana wa mlango. Inasambaa. Mwanga una urefu wa wimbi wa nusu ya mikromita (mikromita 1,000 ni milimita 1). Kwake mlango ni uwanja mpana mno, unapita umenyooka.

Kabla ya kuwasha leza

Kamba hutikisika kukingama na safari ya wimbi: wimbi linakwenda mbele, kamba inakwenda juu na chini. Sauti ni tofauti, hewa husukumwa na kuvutwa kwenye mstari uleule wa safari. Mwanga ni wa kundi la kamba, na ushahidi wake utauona mwishoni. Kinachotikisika ndani yake ni uga wa umeme na uga wa sumaku, ndiyo maana hauhitaji kipitishio na unavuka ombwe bila shida. James Clerk Maxwell alilifikia hilo kwa hesabu katika miaka ya 1860, na kuanzia 1887 Heinrich Hertz akatengeneza mawimbi ya redio maabara na kuthibitisha.

Kasi ya mwanga katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde, bila desimali yoyote, kwa sababu tangu 1983 mita yenyewe imefafanuliwa kwa kutumia mwanga. Kwa hesabu za kila siku tumia kilomita 300,000 kwa sekunde. Mtu wa kwanza kuonyesha kwamba mwanga huchukua muda kusafiri alikuwa Ole Rømer mwaka 1676, baada ya kuona kwamba mwezi wa Mshtarii uitwao Io unachelewa kupatwa pale Dunia inapokuwa inasogea mbali na sayari hiyo. Kutoka Jua hadi hapa, mwanga hutumia kama dakika 8 na sekunde 20.

Tumia hesabu yetu kupata hisia za ukubwa. Redio ya FM ya megahezi 100: gawa kasi ya mwanga kwa frikwensi, unapata mita 3. Wi-Fi ya gigahezi 2.4: sentimita 12.5. Mwanga wa kijani wenye frikwensi ya hezi trilioni 545: nanomita 550 (nanomita 1,000 ni mikromita 1). Jicho la binadamu linaona kuanzia takribani nanomita 380, zambarau, hadi 750, nyekundu. Kosa la kawaida hapa ni vizio: geuza kila kitu kiwe mita, hezi na sekunde kabla ya kugusa kikokotoo, la sivyo utapata wimbi la redio lenye urefu wa punje ya chumvi.

Hatua ya 3: Kuakisi

Hii ni fupi. Simamisha kioo juu ya karatasi, chora mstari wima unaokutana na kioo kwa digrii 90, telezesha mwale wa leza juu ya karatasi hadi mguu wa mstari huo. Pima pembe ya kuingia na ya kutoka, zote kutoka kwenye mstari wima, si kutoka kwenye uso wa kioo. Ni sawa, kila mara. Karatasi nyeupe nayo huakisi kwa sheria hiyohiyo, ila uso wake una mabonde na vilima vidogo vinavyotupa miale kila upande. Ndiyo maana unaiona karatasi kutoka popote, lakini hujioni ndani yake.

Kwa anayenunua kioo: ili ujione mzima, kutoka utosini hadi nyayoni, unahitaji kioo chenye nusu ya urefu wako, kikitundikwa mahali pake. Kurudi nyuma hakukuongezei chochote, ingawa karibu kila mtu huapa kwamba kunasaidia.

Hatua ya 4: Kupinda

Laza bapa la kioo juu ya karatasi, chora mipaka yake kwa penseli. Chora mstari wima kwenye upande mmoja, na kutoka mguuni pake mstari mwingine wenye pembe ya digrii 30. Simika pini mbili juu ya mstari huo wa pili, zikiwa zimeachana sentimita tano hivi. Inama, funga jicho moja, utazame kupitia upande wa pili wa bapa hadi pini hizo mbili zifichane na kuonekana kama moja. Simika pini ya tatu na ya nne upande wako, nazo ziwe zimejipanga nyuma ya zile mbili. Ondoa kioo, unganisha matundu, kisha unganisha mahali mwale ulipoingia na ulipotokea. Mstari huo wa mwisho ni njia ya mwanga ndani ya kioo. Pima pembe yake kutoka kwenye mstari wima.

Kwa kioo cha kawaida utapata karibu digrii 19.5. Rudia kwa 45: utapata kama 28. Kwa 60: kama 35. Sasa jaribu kutafuta uwiano. Ukigawa pembe kwa pembe, 30 kwa 19.5 inatoa 1.54, lakini 60 kwa 35.3 inatoa 1.70; hakuna kanuni hapo, na watu walihangaika nayo kwa karne nyingi. Gawa sin kwa sin: sin 30 ni 0.500, sin 19.5 ni 0.334, jibu 1.5. Sin 60 ni 0.866, sin 35.3 ni 0.578, jibu 1.5. Ibn Sahl, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad, alikuwa na kanuni hii kufikia mwaka 984. Huko Ulaya kanuni hiyo ilipewa jina la Willebrord Snell, aliyeifikia mwaka 1621.

Ile 1.5 ni kitu gani? Ni kiasi ambacho kioo kimepunguza kasi. Mwanga ndani ya kioo hicho unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Maji yana 1.33, hivyo kilomita 225,000. Almasi ina 2.42, karibu kilomita 124,000. Kama bahari inavyofanya kwenye kina kifupi, mstari wa wimbi unaoingia kwa mshazari hugeuka kwa sababu upande mmoja umepunguza mwendo kabla ya mwingine. Ukiingia wima kabisa, pande zote hupungua kwa pamoja, na mwale haupindi hata kidogo. Lijaribu hilo pia.

Na rangi je? Leza yako ya nanomita 650 ikiingia majini, urefu wake wa wimbi unapungua kuwa karibu 489, ambao hewani ungekuwa wa mwanga wa bluu. Lakini inabaki nyekundu. Chanzo ndicho kinachoshika frikwensi. Maji hayana uwezo wa kuigusa, na jicho hufuata frikwensi inayolifikia.

Jambo hili ndilo lililomaliza mabishano ya zamani. Isaac Newton aliamini mwanga ni chembe, na kwa maelezo yake chembe zingepaswa kuongeza kasi zinapoingia majini. Waliosema mwanga ni wimbi walidai kasi ingepungua. Mwaka 1850 Léon Foucault akapima kwa vioo vinavyozunguka: mwanga ni wa polepole zaidi majini. Miaka 55 baadaye Albert Einstein alizirudisha chembe kwa sura nyingine, fotoni, ambazo nishati ya kila moja huamuliwa na frikwensi. Hata huko frikwensi haikupoteza cheo chake.

Kupinda huku ndiko kunakofanya bwawa lionekane la kina kifupi: sentimita 12 za maji, ukizitazama kutoka juu kabisa, zinaonekana kama 9. Gawa kina halisi kwa kina kinachoonekana, umepata 1.33. Kumbuka hilo kabla ya kuruka kwenye maji usiyoyajua. Lenzi nazo ni kioo kilichokatwa ili kila sehemu ipinde mwale kwa kiasi chake, yote ikutane mahali pamoja. Kupima lenzi mbinuko, simama ndani, elekeza lenzi kwenye dirisha la mbali, weka karatasi nyeupe nyuma yake, sogeza lenzi hadi picha ya dirisha, iliyopinduka, iwe safi. Umbali kutoka lenzi hadi karatasi ni urefu wake wa fokasi. Gawa 1 kwa urefu huo kwa mita, na hiyo ndiyo namba ya dayopta iliyoandikwa kwenye karatasi ya daktari wa macho.

Mwanga unapotoka kwenye kioo au maji kwenda hewani, hupinda kuelekea nje. Ukiongeza pembe, unafika mahali ambapo hauna tena pa kupindia, nao wote unaakisiwa ndani. Mpaka huo ni digrii 48.6 kwa maji, karibu 42 kwa kioo, na 24.4 tu kwa almasi. Ndiyo sababu almasi iliyokatwa vizuri humeremeta vile, mwanga unaingia na kuzungushwa ndani kabla ya kupata mlango. Kuliona hilo, toboa tundu la milimita tano ubavuni mwa chupa angavu ya plastiki, ijaze maji, zima taa, na upige leza kutoka upande wa pili hadi kwenye tundu. Maji yanayochuruzika yatapinda, na mwanga utapinda pamoja nayo hadi mwisho wa mchirizi. Jean-Daniel Colladon aliwaonyesha watu jambo hili Geneva miaka ya 1840. Mwaka 1966 Charles Kao alieleza kwamba nyuzi za kioo kisafi vya kutosha zingeweza kubeba mawasiliano umbali mrefu, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Ndani ya nyuzi hizo mwanga huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 200 za kebo zinakula milisekunde moja ya muda wako wa intaneti.

Hatua ya 5: Rangi

Kioo hakipunguzi rangi zote sawasawa. Kwa aina moja ya kawaida, nyekundu hupata karibu 1.51 na zambarau karibu 1.53. Tofauti ndogo, lakini prizimu inaitumia mara mbili, kuingia na kutoka, na rangi zinaachana. Newton alikwenda hatua moja mbele zaidi, nayo ndiyo iliyokuwa ya maana: alichukua rangi moja iliyotoka kwenye prizimu ya kwanza akaipitisha kwenye ya pili. Haikugawanyika tena. Kwa hiyo prizimu hairangi mwanga. Inazitenganisha rangi zilizokuwamo.

Kuutafuta upinde wa mvua, lipe jua mgongo, utazame kivuli cha kichwa chako, kisha inua macho digrii 42 kutoka kwenye mstari wa kivuli hicho. Jua likiwa juu ya digrii 42 angani, usijisumbue: ukiwa kwenye ardhi tambarare, upinde wote uko chini ya upeo wa macho. Bluu ya anga ni jambo jingine kabisa, ni kutawanywa na molekuli za hewa, ambako mawimbi mafupi huathirika zaidi. Nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nanomita 650.

Hatua ya 6: Pima urefu wa wimbi kwa CD, kisha pima unywele

Hapa ndipo penye utamu. Upande wa chini wa CD una mistari iliyojipanga kwa umbali wa mikromita 1.6. Mwanga unaoakisiwa kutoka kila mstari unakutana na wa jirani yake: kilele kikikutana na kilele unaongezeka, kilele kikikutana na bonde unazimika. Mwanga unabaki kwenye pembe chache tu.

Chukua kadi pana ya sentimita 40, itoboe katikati, isimamishe. Simamisha CD mbele yake, uso unaong'aa ukiielekea kadi, umbali wa sentimita 30 kamili. Pitisha leza kwenye tundu igonge CD kwenye ubavu wake wa kulia au kushoto, si juu wala chini, ili madoa yajipange kwa mlalo. Rekebisha CD hadi doa kuu lirudi kwenye tundu lilipotokea. Pembeni, kulia na kushoto, utaona madoa mawili. Pima umbali wa kila moja kutoka tunduni, tafuta wastani.

Tuseme ni sentimita 13.3. Gawa kwa 30: 0.443, hiyo ni tan ya pembe. Pembe ni digrii 23.9, na sin yake ni 0.405. Zidisha kwa mikromita 1.6: mikromita 0.65, yaani nanomita 650. Linganisha na namba iliyoandikwa kwenye lebo ya leza. Kama madoa mawili hayalingani umbali, CD haijasimama sambamba na kadi. Usikimbilie wastani, inyooshe kwanza.

Sasa ng'oa unywele mmoja, ubandike ukiwa umenyooka mbele ya leza, uelekeze mwanga kwenye ukuta ulio mita 2 mbali, chumba kikiwa na giza. Utaona mstari wa mwanga wenye vipande vyeusi katikati yake. Pima umbali kutoka cheusi kimoja hadi kinachofuata upande mmoja; ni afadhali upime vitano kwa pamoja kisha ugawe kwa tano. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, ugawe kwa nafasi hiyo. Nafasi ikiwa milimita 16: 0.00000065 × 2 ÷ 0.016 ni takribani mita 0.00008, unywele wa mikromita 81. Nywele nyembamba zaidi hutoa nafasi pana zaidi, jambo linalowachanganya wengi mwanzoni, lakini rudi kwenye mwanya wa trei: kizuizi kikikaribia urefu wa wimbi, mawimbi husambaa zaidi.

Thomas Young alitumia mwingiliano wa namna hii mwanzoni mwa karne ya 19 kudai kwamba mwanga ni wimbi. Mwaka 1818 Siméon Poisson, aliyepinga, alikokotoa kwamba kama dai hilo ni kweli basi katikati ya kivuli cha kitu cha duara panapaswa kuwa na doa la mwanga, akaona ni upuuzi. François Arago akajaribu. Doa lilikuwepo.

Hatua ya 7: Mwanga hutikisika upande gani?

Chukua miwani ya jua ya polaroidi, tazama skrini ya kompyuta ya LCD, kisha zungusha miwani taratibu kwa digrii 180. Skrini itafifia hadi karibu kuwa nyeusi, halafu itarudi. Skrini hiyo hutoa mwanga unaotikisika kwenye mwelekeo mmoja tu, na miwani hupitisha mwelekeo mmoja tu. Ikikingamana, hakuna kinachopita. Wimbi la kusukumana kama sauti lisingejali umezungusha vipi, kwa sababu halina upande.

Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus aligundua kwamba kuakisiwa kwenyewe huuchuja mwanga namna hii. Tazama mng'ao wa mwanga kwenye maji tulivu huku ukizungusha miwani. Mng'ao hutoweka karibu kabisa pale unapoakisiwa kwa digrii 53 kutoka kwenye mstari wima. Kwa kioo ni 56. Chukua tan ya pembe hiyo: tan 53 ni 1.33, tan 56 ni 1.48. Ni karibu namba zilezile za Hatua ya 4, zimepatikana bila pini hata moja. Na kama umezungusha miwani mbele ya skrini ya LCD na hakuna kilichofifia, basi uliyouziwa ni miwani ya rangi tu.